Kijana akiomba kamera, muulize kwanza kuhusu lenzi

Misimu ya harusi ya Agosti na Desemba inapobisha hodi, katika nyumba nyingi za mjini hutokea kijana akamwambia babake: "Baba, ninunulie kamera. Nitapiga picha za harusi nijilipie karo." Ombi hilo si la kupuuzwa. Kazi ya picha imewalisha wengi na kuwasomeshea watoto. Hata hivyo, pesa anazoomba huenda zikawa karo ya muhula mzima, na zikitumiwa ovyo hazirudi. Kwa hivyo, kabla mzazi hajatia mkono mfukoni na kabla kijana hajaingia dukani, inafaa wote wawili wajue wanachokwenda kununua.

Wengi wa wanaoanza humaliza pesa zote kwenye kamera yenyewe. Huulizia megapikseli, huchagua iliyo kubwa na nzito, kisha lenzi huchukua yoyote itakayotolewa. Hapo ndipo mambo huharibika, kwani lenzi ndiyo jicho. Mtu hawezi kununua fremu ya dhahabu akatia vioo vya plastiki, kisha akategemea kuona vizuri.

Kamera ya aina ya DSLR ina sehemu mbili, mwili na lenzi. Ndani ya mwili mna kioo kidogo kilichoinama, ambacho huirusha nuru iliyopitia kwenye lenzi hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Unachokiona wewe ndicho kinachoonwa na lenzi. Ukibonyeza kitufe, kioo huinuka, pazia hufunguka kwa muda mfupi mno, na nuru huangukia kwenye sensa, iliyochukua mahali pa filamu. Lenzi hufunguliwa na kubadilishwa, na mwili ukichakaa, lenzi huweza kuhamia kwenye mwili mwingine wa ukoo huo. Kampuni ya Nikon ilianza kutumia kiungo chake cha F mwaka 1959, na Canon ikaanza kile cha EF mwaka 1987. Viungo hivyo vikaendelea hadi kwenye kamera zao za DSLR. Ukichagua mwili, basi, umechagua pia ukoo wa lenzi utakaoishi nao miaka mingi.

Sasa shika lenzi usome maandishi yake. Ile inayouzwa pamoja na kamera nyingi za wanaoanza huandikwa 18-55mm, na kando yake 1:3.5-5.6. Ukizielewa nambari hizo, muuzaji hatakuzungusha.

Za kwanza ni milimita. Zikiwa chache, lenzi huona eneo pana. Zikiwa nyingi, huona eneo dogo lakini huvuta karibu kilicho mbali. Kwa milimita 18 utaipata jamaa yote sebuleni bila kumwacha shangazi nje ya picha. Lakini usimsogelee mtu usoni kwa milimita hizo, maana pua yake itaonekana kubwa kuliko alivyojaliwa, naye hatakuita tena. Milimita 50 hupendeza kwa uso wa mtu mmoja. Milimita 200 na kuendelea ni za mpira uwanjani au ndege mtini.

Nambari za pili hueleza jinsi tundu la lenzi linavyoweza kufunguka, na hapa hesabu huenda kinyume: nambari ndogo ni tundu kubwa. Tuseme tumo kanisani, alasiri ya mawingu, madirisha ni madogo. Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho haiwezi kufungua tundu kupita 5.6. Huenda pazia likahitaji kukaa wazi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Bibi harusi naye anatembea, hamngojei mtu. Picha itatoka imefifia kama iliyopigwa nyuma ya moshi. Waweza kuiongezea kamera wepesi wa kuhisi nuru, yaani ISO, lakini ukizidisha picha hujaa chenga.

Kwenye mwili huohuo, weka lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Hiyo huingiza nuru karibu mara 10 ya ile ya kwanza. Pazia sasa litafunga kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na uso utatoka safi. Kilichobadilika ni lenzi tu, na tena ni mojawapo ya lenzi za bei nafuu kabisa katika kila ukoo. Maarusi hawatarudi madhabahuni ili mpigapicha ajaribu tena.

Lakini kila chenye faida kina gharama yake. Tundu likiwa wazi sana, jicho huonekana vyema na sikio likafifia. Ukipanga wajomba na mashangazi kwa safu tatu, rudisha tundu kwenye 5.6 au 8, la sivyo safu ya nyuma itakulaumu. Jambo jingine ni kwamba sensa za kamera nyingi za wanaoanza ni ndogo kuliko kipande cha filamu ya zamani, kwa hivyo lenzi ya milimita 50 huona eneo dogo, kana kwamba ni ya milimita 75 au 80. Katika sebule ndogo utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta. Kwa kazi ya nyumbani, lenzi ya milimita 35 huenda ikakufaa zaidi.

Je, utajuaje lenzi ya pili ya kununua? Usimuulize muuzaji wala rafiki. Ziulize picha zako. Kwa miezi mitatu tumia ile ya 18-55 pekee. Kila picha ya dijitali hubeba kumbukumbu ya milimita, tundu na kasi ya pazia vilivyotumika. Zifungue kwenye kompyuta, uchague mia moja unazozipenda, usome kumbukumbu hizo na kuziandika daftarini. Zikirundikana kwenye 18, wewe ni mtu wa majumba na mikusanyiko. Zikirundikana kwenye 55 na umekuwa ukipiga nyuso, tafuta ile ya 50 yenye tundu la 1.8. Ukiwa daima unatamani kusogea na huwezi kwa sababu ya ua la uwanja, tafuta ya 55-250 au 70-300. Daftari hilo ni senti chache, na litakuokolea maelfu.

Kuhusu kununua, habari njema ni kwamba watengenezaji wakubwa wameelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo. Wengi wanahamia huko na kuuza DSLR zao zikiwa bado nzima. Lenzi za EF za Canon huweza kutumika kwenye kamera mpya za R za kampuni hiyo kwa kuunganishwa na kipete maalumu, kwa hivyo hazitakuwa hasara.

Ukinunua iliyotumika, nenda na tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie kwa mbele. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na iache hapo. Wasomaji wa Mombasa na Lamu wawe macho zaidi, kwani unyevu wa pwani huipenda sana. Lenzi ipachike kwenye kamera upige picha kadhaa papo hapo. Wa Nikon wakumbuke kwamba miili ya mfululizo wa D3000 na D5000 haina mota ya kulenga, hivyo watafute lenzi zilizoandikwa AF-S, ama watalenga kwa mkono. Wa Canon wajue kwamba lenzi za EF-S hazikai kwenye miili yenye sensa kubwa. Na daima dai risiti yenye nambari ya kamera, usije ukauziwa mali ya wizi.

Kisha jifunze nuru, maana haiuzwi dukani. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta, na jua la saa sita huwa karibu utosini. Macho ya watu huingia kivuli wakafanana na mafuvu. Wapeleke chini ya mti au kando ya dirisha. Ngoja saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeinama, lakini usichelewe, kwani kwetu hutua upesi.

Kwa mzazi nina neno moja. Nunua mwili wa kawaida uliotumika pamoja na 18-55, na pesa zilizobaki ziweke. Mwambie kijana alete daftari lake baada ya miezi mitatu, ndipo mzungumze habari ya lenzi ya pili. Akialikwa kwenye harusi, aende kama msaidizi wa mwenye uzoefu, si kama mpigapicha pekee. Asiyerudi na daftari amekuonyesha kwamba hamu ilikuwa ya kamera wala si ya kazi. Atakayerudi nalo limejaa, mwongezee.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini mkulima hulima kwanza, akaijua ardhi yake, ndipo akajua jembe linalomfaa.

Jumapili ijayo tutaitazama flashi, na sababu ya kuwafanya watu wazuri watoke weupe kama chokaa. Hadi wakati huo, kwaherini.