Bethidei ya Mtoto au ya Simu ya Mama? Masasi na Newala Mnajiumiza Bure

Oktoba ikifika, minada ya korosho ikafunguliwa na meseji za benki zikaanza kuingia kwenye simu za wakulima, Masasi na Newala hubadilika. Bodaboda mpya, mabati mapya, ngoma kila kona. Siku hizi kumeongezeka jambo jingine: bethidei za watoto. Na si zile bethidei za pilau na soda moja ya kugawana wawili. Za sasa ni za ukumbi, MC, maputo ya kukodi, nguo za sare mama na mwana, na keki ya ghorofa tatu iliyosafiri kwa basi kutoka Mtwara mjini imepakatwa njia nzima kama mgonjwa.

Swali ni moja tu: hiyo sherehe ni ya mtoto au ya simu ya mama yake?

Kuna mdada mmoja wa Masasi mjini, jina kapuni, ana majina yake mitandaoni. Mwanae alikuwa anatimiza mwaka mmoja. Mwaka mmoja jamani! Mtoto alisinzia saa kumi na mbili jioni, keki ikakatwa saa tatu usiku. Akaamshwa, akavalishwa taji, akamulikwa taa ya simu machoni, akalia mpaka sauti ikakauka. Picha zikaendelea kupigwa. Stetasi ya WhatsApp usiku ule vistari vilikuwa kama nguo iliyopitishwa kwenye cherehani. Laiki zikamiminika. Kesho yake asubuhi akaja mgeni ambaye hakualikwa: mtu wa kausha damu, na daftari lake mkononi.

Hapo ndipo penye ugonjwa. Hela ya shamba ilikuwa haijaingia, lakini tarehe ya bethidei haisubiri mnada, basi ikakopwa. Na kausha damu haina undugu. Rejesho ni kila siku au kila wiki, ukichelewa wanabeba tivii, kitanda, hadi masufuria. Mtoto wa mwaka mmoja hataikumbuka ile keki hata kwa dawa. Ila ataishi miezi kadhaa kwenye nyumba ambayo mama akisikia hodi anakimbilia chumbani.

Chanzo kinajulikana. Watu wanafungua Insta, wanamwona staa fulani wa Dar kamfanyia mwanae pati ya fataki na wageni waliovaa nyeupe tupu, nao roho zinawadunda. Wanasahau kwamba staa pale yuko kazini. Pati inaleta watazamaji, watazamaji wanaleta matangazo, na mara nyingi mpambaji na mwoka keki wamepunguza bei au wametoa bure ili watajwe. Yaani yeye anaingiza, wewe unatoa. Wahenga walishamaliza: ukiiga kunya kwa tembo utapasuka msamba. Hakuna kampuni ya nepi itakayompigia mtu simu Newala kwa sababu maputo yake yalikuwa ya dhahabu.

Sasa piga hesabu ya kalenda. Mnada Oktoba, bethidei Novemba, Krismasi Desemba, shule Januari. Ni kweli ada imefutwa shule za msingi na sekondari za serikali. Lakini sare, viatu, begi na madaftari bado viko shingoni mwa mzazi. Ndiyo maana unamkuta mtoto Januari kavaa shati la mwaka jana linalombana kwapani, huku kwenye simu ya mama yake yuko na suti nyeupe na kofia ya mfalme. Mfalme gani huyo asiye na daftari?

Na korosho yenyewe si mshahara wa mwisho wa mwezi. Watu wa kusini hawajasahau msimu wa 2018. Wakulima waligomea bei za mnadani, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuzisomba, na wapo waliosubiri malipo yao kwa miezi. Mwenye shamba anajua kuwa hela ya korosho inakuja siku inayotaka yenyewe. Kuifanyia ahadi ya ukumbi kabla haijafika ni kucheza kamari na chakula cha watoto.

Kuna na huu mchezo wa kumwagiana maji. Eti bethidei haijanoga mpaka mwenye siku yake amwagiwe ndoo nzima, halafu unga wa ngano, halafu mayai. Haya, huo ni ujinga popote, ila Newala ni ujinga mara mbili. Newala iko juu kabisa ya uwanda wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Uzuri wa picha ule una gharama yake: maji yako chini, watu wako juu. Bibi zetu walishuka mteremko na kuupanda na mitungi kichwani, na mpaka leo kuna mitaa bomba likikauka ndoo inanunuliwa. Bibi akimwona mjukuu wake anamwagiwa ndoo kwa ajili ya TikTok, acheni alie tu. Na yale mayai sita yanayopasuliwa kichwani ndiyo mayai ya keki nzima!

Ndiyo, keki nzima. Kwa sababu bethidei nzuri inafanyika nyumbani, uani, bila kumkopa mtu.

Chukua unga wa ngano nusu kilo, sukari robo, siagi robo, mayai sita, vijiko viwili vya chai vya baking poda, maziwa nusu kikombe na vanila kidogo. Piga siagi na sukari kwa mwiko mpaka zilainike na kuwa nyeupe, ongeza yai moja moja, kisha unga uliochanganywa na baking poda, malizia na maziwa. Oveni huna? Hata mama zetu hawakuwa nayo. Weka mchanga mkavu kwenye sufuria kubwa, upashe moto, tumbukiza sufuria ya keki humo, funika, weka makaa juu ya mfuniko. Makaa mengi juu, machache chini. Zikipita dakika kama 45 choma njiti katikati, ikitoka kavu imeiva. Hapo mtoto amekaa pembeni analamba mwiko, na hiyo ndiyo sehemu atakayoikumbuka akiwa na miaka 30.

Juu ya keki nyunyiza korosho iliyobanguliwa, ikakaangwa na kupondwa kwenye kinu. Hebu fikirini aibu hii: korosho za huku nyingi zinapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam, halafu mtoto wa mkulima wa Newala anapambiwa keki kwa vile vipunje vya rangi vya dukani ambavyo hata mama hajui vimetengenezwa na nini. Shamba lipo nyuma ya nyumba!

Kinywaji si lazima kreti la soda. Novemba na Desemba maembe yanaoza chini ya miti. Ukwaju upo, ubuyu upo. Mabibo waachieni wazee na uraka wao, ila juisi ya embe ndoo moja inatosha mtaa mzima wa watoto. Pika na pilau kidogo, au mihogo ya kukaanga na kachumbari. Watoto hawajui bei ya kitu. Wanajua kitamu na kisicho kitamu.

Mapambo? Tundika kanga na vitenge vya mama kwenye kamba, ukuta mzima unang'aa. Pakiti moja ya maputo inatosha, watoto wayapulize wenyewe, kupuliza nako ni mchezo. Na MC wa nini kwa wageni wenye miaka mitano? Wape rede, kombolela, mdako, kuruka kamba. Jua likizama mwiteni bibi, akae kwenye mkeka, atege vitendawili na kutoa hadithi. Halafu amweleze mtoto alivyozaliwa: ilikuwa mvua au jua, nani alikimbia kutafuta usafiri usiku, jina lake lilitoka kwa nani. Kwenye pati za ukumbini MC analitamka jina la mtoto vibaya kutwa nzima.

Simu? Piga picha mbili tatu, kisha iwekeni kabatini. Na si kila picha ya mtoto iende hewani na jina lake kamili, shule yake na mtaa anaoishi. Mitandaoni kuna watu wa kila aina.

Tena msiseme huku hakuna asili ya kumsherehekea mtoto ndiyo maana mnaiga. Wamakonde, Wayao na Wamakua wana jando na unyago. Mtoto akitoka huvalishwa vizuri, huchezewa ngoma, hutuzwa kanga na hela, na majirani hupika pamoja. Hakuna watu wa kuwafundisha watu wa kusini sherehe. Ingawa ukweli usemwe: hata unyago wenyewe umeingiliwa na mashindano, nani kaleta spika kubwa, nani kachinja wangapi, na wapo wanaomaliza korosho yote wiki moja. Ugonjwa ni ule ule, umebadilisha nguo tu.

Najulikana wimbo wa utetezi utakaokuja. Wa kwanza: "Hela yangu, kinakuuma nini?" Kama ni yako kweli, kula raha zako, kodi hata uwanja. Tena waoka keki na wapambaji wa Masasi ni vijana wanaotafuta riziki, mwenye uwezo awaungishe. Ugomvi hapa ni na hela ya mkopo, ile ambayo mtoto ndiye ataifidia kwa kula uji mkavu. Wa pili: "Sitaki mwanangu ajisikie mnyonge mbele ya wenzake." Mtoto wa miaka mitatu hana mnyonge wala tajiri. Anayejisikia mnyonge ni mama mbele ya mashoga zake, na huyo keki haimponyi. Mwezi ujao shoga ataleta ya ghorofa nne.

Na akina baba msicheke pembeni. Kuna baba mmoja Newala huko, naye jina kapuni, alitoa hela yote ya maputo kwa mbwembwe, ila siku yenyewe alikuja saa mbili usiku, akapiga picha amembeba mtoto, akaposti "mfalme wangu", akarudi kijiweni. Mtoto alikuwa anamsubiri tangu mchana. Zawadi ya bure kuliko zote, kukaa naye saa mbili mkacheza, ndiyo iliyomshinda mwenye hela.

Kama lazima kuwe na kitu cha gharama, basi nunueni mche wa mkorosho. Kituo cha utafiti cha Naliendele pale Mtwara kwa miaka mingi kinashughulika na mbegu bora za korosho, na miche ya kubebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka miwili hadi mitatu. Upandeni mvua zikianza, mtoto ashike jembe mwenyewe, au kama ni mdogo apapase tu udongo. Mwaka unaofuata bethidei ifanyike hapo hapo, mtoto na mti wapimwe nani kakua zaidi. Mche uliopandwa mtoto akiwa na mwaka mmoja, akifika darasa la kwanza utakuwa umeshaanza kumlipia madaftari.

Mzee Benjamin Mkapa, Rais wa 3 wa Tanzania, alizaliwa Lupaso, Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, katikati kabisa ya msimu huu huu. Hakuna anayeuliza keki yake ilikuwa na ghorofa ngapi. Watu wanauliza alisoma wapi na nani alimlea.

Novemba nyingine inakuja. Wenye kuoka waoke, wenye kupanda wapande. Na wewe uliyeshaweka oda ya keki ya ghorofa tatu kwa hela ya kausha damu, bado hujachelewa. Mpigie mwoka keki umwambie ghorofa mbili za juu zimeahirishwa, hela yake inanunua viatu vya shule.