Kidonda kupotea si kupona

Kidonda cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na baada ya wiki chache hupotea chenyewe bila dawa. Hapo mtu huamini amepona, kumbe vimelea vimeingia kwenye damu. Mjamzito anaweza kumpoteza mtoto tumboni, ilhali sindano ya penisilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ingewaokoa wote wawili. Tunawalaumu wagonjwa kwa kuchelewa, lakini lawama kubwa naiona kwenye mapokezi yetu. Nani atajieleza dirishani huku foleni nzima ikisikia? Mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, watafiti waliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya vijijini: wahudumu walifundishwa, dawa zikapatikana, wanavijiji wakahimizwa kwenda mapema. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kuliko katika jamii zilizokuwa bado hazijafikiwa na huduma hiyo.

Wapo wanaohofu kwamba kumpokea mgonjwa kwa staha ni kulea uzinzi. Utafiti huohuo haukuona badiliko la tabia za ngono; kilichobadilika ni tiba. Wengine husema duka la dawa linatosha. Halitoshi: vidonge vya kubahatisha huzoesha kisonono dawa, na mwenzi asiyetibiwa huambukiza tena. Halmashauri zitenge chumba chenye mlango unaofungwa katika kila zahanati. Nawe uliyeona dalili, usingoje zipotee. Nenda ukapime, na mwenzi wako naye apimwe.