Njia kubwa ya umeme shambani: Tuogope nini hasa?

Mama mmoja kutoka Masama aliniletea mjukuu wake wa miaka minne kliniki. Mtoto alikuwa na kikohozi tu. Nilipomaliza kuandika dawa, mama hakuinuka. "Mwanangu daktari," akaniambia, "kule kwetu kuna maneno kwamba njia kubwa ya umeme itapita kwenye mashamba yetu ya chini. Vijana wamesema hakuna kusaini karatasi yoyote, kwa sababu umeme ule unawapa watoto saratani ya damu. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa dakika tano kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Hazikutosha. Maneno kama hayo huzuka kila mahali panapopita nguzo kubwa, kwa hiyo leo namjibu tena kwa kirefu, pamoja na wewe msomaji.

Hofu ya saratani ilitoka wapi?

Mwaka 1979 watafiti wawili wa Marekani, Nancy Wertheimer na Ed Leeper, waliandika kwamba katika mji wa Denver watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wameishi karibu na nyaya za umeme zaidi ya watoto wengine. Tangu hapo tafiti nyingi zimefanyika. Mwaka 2000 wataalamu walikusanya pamoja tafiti tisa zenye watoto zaidi ya 3,000 wenye saratani ya damu. Kwa watoto wengi hawakuona tofauti yoyote. Kwa wachache sana, chini ya mmoja kati ya 100, ambao nyumba zao zilikuwa na nguvu ya sumaku ya wastani wa mikrotesla 0.4 au zaidi, uwezekano wa kuugua ulikuwa kama mara mbili.

Kwa sababu hiyo, mwaka 2002 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka nguvu hiyo ya sumaku katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani. Zingatia neno hilo. Katika kundi hilohilo imo dondoo la majani mazima ya mshubiri, ule mmea ambao wengi wetu tunao nyuma ya nyumba.

Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa karibu na njia kubwa waliugua zaidi kidogo. Watafiti walipoongeza miaka mingine na kutoa matokeo mwaka 2014, tofauti hiyo ilikuwa imefifia kwa watoto waliozaliwa kuanzia miaka ya 1980. Nyaya zilikuwa bado zipo na umeme ulikuwa unapita. Kama nyaya zenyewe ndizo zingekuwa chanzo, tofauti isingetoweka hivyo.

WHO inaeleza kwamba chini kabisa ya njia kubwa nguvu ya sumaku inaweza kufika mikrotesla 20 hivi, na ukisogea mita 50 hadi 100 inashuka hadi kiwango cha kawaida cha mahali pasipo na njia kubwa. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usijenge wala usilale chini ya njia hiyo. Lakini kupita pale ukienda sokoni, au kupalilia maharage kwa siku chache, kusikunyime usingizi.

Na mtoto akiwa na homa isiyoisha, akapauka, akapata michubuko bila kuanguka, akatoka damu kwenye fizi au akalalamika maumivu ya mifupa, mpeleke hospitali mapema akapimwe damu, iwe unaishi karibu na nyaya au mbali nazo.

Hatari zilizo wazi

Hatari ninayoijua kwa hakika ni ya kupigwa na umeme. Njia kubwa inaweza kumrukia mtu hata kabla hajaigusa. Usichume parachichi kwa fimbo ya chuma karibu na nyaya, usisimamishe bomba refu la kumwagilia chini yake, usichome mabua pale. Waya ukianguka, kaa mbali na uwazuie watoto na mifugo, kisha piga simu TANESCO. Usikimbilie kumvuta aliyenaswa kabla umeme haujakatwa, maana msiba utakuwa wa watu wawili.

Hatari ya pili huja polepole, nayo ni kupungua kwa shamba. Piga hesabu: mkuza wa upana wa mita 50 ukipita katika shamba kwa urefu wa mita 100 unachukua mita za mraba 5,000, yaani zaidi ya eka moja. Kwenye miteremko yetu kuna familia ambazo kihamba chao chote hakifiki eka mbili. Miti mirefu hairuhusiwi chini ya nyaya, kwa hiyo mringaringa unakatwa, mparachichi unakatwa, na kahawa inabaki juani. Ng'ombe wa ndani anakula majani na shina la mgomba, na mbolea yake inarudi kwenye mgomba. Ukiondoa migomba, maziwa yanapungua, na anayekosa kikombe cha maziwa ni yule wa miaka minne. Shamba la chini la mahindi nalo likipungua, unga unanunuliwa.

Kuna pia madhara ya kusubiri. Mtu aliyeambiwa asipande wala asijenge, kisha fidia isije, halali vizuri. Shinikizo la damu linapanda. Mwenye kisukari anaanza kuruka dozi kwa kukosa hela. Haya hayaonekani kwenye kipimo cha mikrotesla, lakini sisi madaktari tunayaona.

Wakulima waliowahi kukataa

Vijana wa Masama si wa kwanza. Miaka ya 1970, wakulima wa Minnesota, Marekani, walipinga njia ya kilovoti 400 kukatiza mashamba yao. Walihofia afya zao na ardhi yao. Mwanzoni mwa 1978 gavana alituma askari zaidi ya 200. Baadaye nguzo zaidi ya 10 ziliangushwa usiku. Hata hivyo umeme uliwashwa. Kilichobaki mikononi mwa wakulima ni sheria ya mwaka 1977 inayompa mwenye shamba haki ya kuitaka kampuni inunue shamba lake lote pale njia kubwa inapolikata. Hoja ya ardhi ndiyo iliyozaa matunda.

Karibu zaidi nasi, mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana nchini Kenya ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya kwenda Suswa iliwashwa Septemba 2018. Migogoro ya fidia za ardhi ilikuwa miongoni mwa sababu za kuchelewa. Kumbe kumlipa mkulima mapema kunamfaa hata mwenye mradi.

Ndiyo maana nawaambia vijana wetu: mkisimama mkutanoni na hoja ya saratani peke yake, mtaalamu atakuja na takwimu na kuwanyamazisha kwa nusu saa. Mkisimama na hoja ya chakula, maziwa na fidia, atalazimika kujibu.

Uliza kabla ya kusaini

Mimi si mwanasheria, lakini Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda mali ya mtu na kutaka fidia inayostahili. Kanuni za ardhi za mwaka 2001 zinahesabu pia posho ya usumbufu, usafiri, makazi na upotevu wa faida, na fidia ikipita miezi sita bila kulipwa inadai riba. Kwa hiyo uliza: Tathmini ya athari kwa mazingira iko wapi, na je, njia inaweza kusogezwa iepuke nyumba, shule na makaburi? Kila mgomba na mkahawa umehesabiwa? Fedha italipwa lini, na mama wa nyumba atajua imeingia akaunti gani?

Uliza pia kuhusu zahanati. Njia kubwa haiwashi taa ya kijiji inachokipita mpaka umeme ushushwe kwenye kituo cha kupoza. Mimi nauhitaji umeme huo: chanjo za watoto zinatunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8, na mashine ya oksijeni haiwaki kwa kuni. Kijiji kinachotoa ardhi kina haki ya kudai zahanati yake iunganishwe.

Mama yangu wa Masama, jibu langu ni hili. Kwa ushahidi tulionao, ukiwa na nyumba yako mbali na nyaya, sioni sababu ya kuhofia saratani kwa mjukuu wako. Hofia maziwa yake. Nenda mkutanoni ukayaulizie, na karatasi usiisaini mpaka umesomewa yote.