Macho Mengi, Wasomaji Wachache

Sisi wapenzi wa vitabu tuna ugonjwa mmoja: tunampigia makofi anayezindua, tunamsahau anayesahihisha. Riwaya mpya ikitoka, ukumbi unajaa. Ikitoka tena baada ya mhariri kuondoa makosa ya chapa, hakuna hata anayeandaa chai. Nilidhani ugonjwa huu ni wetu peke yetu, mpaka nilipoanza kufuatilia habari za ruta yangu.

Kile kiboksi chenye taa zinazopepesa pale sebuleni ni kompyuta, na ndani yake mna mfumo endeshi. Wangu unaitwa OpenWrt. Mradi huo ulianza 2004, baada ya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G kuwekwa hadharani, na wanaoutunza ni watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma. Hapo ndipo tunapoletewa ile kauli aliyoieneza Eric Raymond: kwamba macho yakiwa mengi, hakuna kosa la kushinda watu. Nimeichoka kauli hii. Kitabu kuwa wazi ni jambo moja, kusomwa ni jambo jingine kabisa. Nani kati yetu hana kabati la kuwaonyesha wageni?

Tazama mfano huu. Ukitaka kuongeza programu kwenye OpenWrt, kazi hiyo ilikuwa ya opkg. Inapakua orodha ya vifurushi yenye saini, na humo kila kifurushi kina mfululizo wake wa herufi na tarakimu, unaotokana na yaliyomo ndani yake. Kifurushi kikichezewa njiani, mfululizo haulingani, nacho kinakataliwa. Ni kama lakiri kwenye bahasha.

Februari 2017 msimbo huo ulibadilishwa kidogo. Tangu hapo, opkg ikikuta nafasi tupu mbele ya mfululizo, nafasi moja tu kama hii kati ya neno na neno, ilishindwa kuusoma. Wala haikupiga kelele. Ilichukulia kwamba mfululizo haupo, ikaendelea na kazi. Na orodha zenyewe zilikuwa na nafasi hiyo! Kwa hiyo mtu aliyeweza kujipenyeza kati ya ruta na seva angeweza kupitisha kifurushi chake na kuitawala ruta yako. Lakiri ilikuwepo, ila hakuna aliyekuwa anaikagua.

Hali hiyo ilidumu karibu miaka 3, hadharani, mbele ya hayo macho mengi. Aliyeigundua ni mtafiti wa usalama, Guido Vranken, na mwanzoni ilikuwa bahati tu: alikuwa akiandaa majaribio ya opkg.

Kwanza watunzaji waliondoa ile nafasi kwenye orodha. Wengi wetu tungeishia hapo. Lakini adui angeweza kuleta orodha ya zamani, yenye saini halali na nafasi ile ile. Ikabidi msimbo wenyewe urekebishwe, na matoleo 18.06.7 na 19.07.1 yakatoka na dawa hiyo. Jamani, huo ni uhariri. Mhariri mzuri anajua kwamba nakala za zamani bado zimo mikononi mwa watu.

Kuna watakaosema watunzaji walikuwa wazembe. Nauliza: wewe ulisoma ukurasa gani? Tulitumia bure, tukakaa kimya, kosa lilipoonekana ndipo tukakumbuka kwamba kuna watu kule. Wengine watasema hayo ni mambo ya mafundi, sisi ni watu wa fasihi. Hapana. Nafasi tupu mahali pasipotarajiwa ni kosa la maandishi, na kusoma polepole, neno kwa neno, ndiyo kazi tunayojivunia.

Sidai kila mtu ajifunze kuandika programu. Nadai adabu ya msomaji. Ukiona hitilafu, usiandike "haifanyi kazi" ukaondoka. Eleza unatumia toleo gani, ulibonyeza nini, kikatokea nini. Ukiwa na uwezo, changia. Wenye kampuni zinazouza vifaa juu ya jasho hili, walipeni watu wa kusoma, maana kusoma ndiko kunakokosekana.

Na mimi nianze kwa kukiri. Siku nilipomaliza kusoma kisa hiki nilikagua ruta yangu. Nilikuwa sijaipa toleo jipya kwa zaidi ya miaka 2. Watu wale walishaziba nyufa kibao, dawa ipo, bure, mimi nimekaa napiga domo kuhusu waandishi wasiosomwa. Niliisasisha usiku ule ule. Na wewe ya kwako umeikagua lini?