Dawa ya virusi ya bei chini: tununue?

Wengine wanataka feza yetu inunue programu ya kulinda ordinateri, kwani bei imeshushwa. Sisi tunakataa. Bei ya namna hii mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu, kisha inapanda. Tena Windows 10 na 11 ziko na mlinzi ndani, Defender, bila kulipa. Lakini mlinzi asiyepata habari mpya ni kipofu, hata yule wa kununua. Basi, feza inunue mega za kumpa habari. Hapa Yanonge virusi vinashuka mto pamoja na kle USB za kutoka Kisangani: kila kle ipimwe mbele ya kufunguliwa. Na pointi za mitihani ziwekwe nakala mbili. Mlango ukibaki wazi, kufuli ya bei chini itasaidia nini?