Frateri asome riwaya za historia

Wapo wanaosema kwamba frateri mwenye riwaya mkononi anapoteza muda wa kusoma falsafa. Hatukubaliani nao, hasa riwaya yenyewe ikiwa ya historia. Kitabu cha historia kitatufundisha kwamba mwaka 1630 tauni iliua watu wengi mjini Milano. Hakitatuambia moyo wa paroko wa kijijini zama hizo ulikuwaje alipotishwa na mwenye nguvu.

Hilo tunalipata kwa Mwitalia Alessandro Manzoni, katika I promessi sposi, riwaya iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1827. Don Abbondio, paroko wa kijiji kilicho karibu na ziwa la Como, anasimamishwa njiani na wahuni wawili wa bwana mmoja mkubwa: asithubutu kuwafungisha ndoa Renzo na Lucia. Naye anatii. Kesho yake anamzungusha bwana arusi kwa visingizio vya Kilatini. Si mtu katili. Anaogopa tu, na woga wake unawatesa watu wawili wasio na kosa. Baadaye Kardinali Federigo Borromeo, ambaye kweli alikuwa Askofu Mkuu wa Milano, anamtaka aeleze kwa nini hakutimiza wajibu wake. Kurasa hizo tuzisome polepole, maana mabwana wa namna hiyo parokiani hawajaisha, na wengine hukaa benchi la mbele.

Waamini wasidhani kitabu hiki ni cha mapadre peke yao. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliwahimiza wachumba wakisome.

Kigumu zaidi ni Silence cha Mjapani Shūsaku Endō, kuhusu Wakristo walioteswa Japani karne ya 17. Hatumshauri mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisome bila mtu wa kuzungumza naye.

Anayetaka Kiswahili atafute Peponi cha Abdulrazak Gurnah, kilichotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Yusufu, mtoto wa kiume, anachukuliwa na mfanyabiashara kwa sababu ya deni la baba yake, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wameishika nchi. Misafara ya biashara tuliyoikariri kwa ajili ya mtihani, humo ina njaa, mbu na hofu.

Mazungumzo ya riwaya yametungwa, kwa hiyo asitokee mtu akayanukuu kwenye insha ya historia ya Kanisa. Asiye na nafasi aanze na sura ya kwanza ya Manzoni, wale wahuni wawili wakimsubiri paroko njiani.