Umoja Wetu Waishia Mlangoni

Katika vikao vyetu hakuna neno litajwalo zaidi ya umoja, na aghalabu hutajwa sinia za pilau zikiwa zimekwisha kuandaliwa. Mwezi huu tumeonelea tuliulize neno hilo lilikuwa wapi mwaka 2020, ulipotuingilia ugonjwa wa korona, na leo liko wapi.

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa hapa nchini tarehe 2 Machi 2020. Tarehe 23 mwezi huo watu wakakatazwa kutoka nje usiku, na ilipofika tarehe 6 Aprili, Riyadh na Jeddah zikafungwa usiku na mchana. Ruhusa iliyobaki ilikuwa ya kufuata chakula na dawa katika mtaa wako, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Katikati ya siku hizo nzito, tarehe 30 Machi, ikatoka amri ya Mfalme Salman kwamba kila mgonjwa wa korona atibiwe bure, awe raia au mgeni, na hata yule ambaye ikama yake imekwisha au hanayo kabisa. Haki ni kuisema ilivyo: lilikuwa jambo kubwa, wala si kila serikali yenye mali iliyolitamka. Mwaka huo huo Hija ilifanywa na watu wanaokadiriwa kuwa 1,000 tu, na kiasi cha asilimia 70 kati yao walikuwa wageni wakaao humu nchini. Walisimama Arafa, na ni katika Hija ya Kuaga ambapo umma ulikumbushwa kuwa Mwarabu hana ubora juu ya asiye Mwarabu, wala mweupe juu ya mweusi, ila kwa uchamungu.

Lakini amri ni kitu kimoja, na mlango wa kutokea kuifuata amri hiyo ni kitu kingine.

Kwetu sisi tulio na familia, yenye baba mwenye gari na watoto wenye simu, amri ile ilifika siku ile ile. Je, ilimfikia vipi binti wa Kitui, wa Tanga au wa Masaka, aliyekuwa akifanya kazi ndani ya nyumba ya watu, pasipoti yake imo kabatini mwa kafili, na simu yake hupewa kwa kipimo? Matibabu yalikuwa bure, ila hospitali hakuijua iliko, na idhini ya kutoka haikuwa mikononi mwake. Ama yule aliyekuwa ametoroka kwa mwajiri na kuandikiwa huroob, alitibiwa bure kwa mujibu wa amri, lakini hofu ya kukamatwa haifutwi na karatasi. Mtu mwenye hofu huchelewa, na korona haikuwa ikimngoja aliyechelewa.

Wasomaji wa Jeddah wanalijua hili kwa mitaa. Tarehe 4 Aprili 2020 mitaa saba ilizingirwa ikawa haiingiliki wala haitokeki: Kilo 14 Kusini na Kaskazini, Kilo 13, Mahjar, Ghulail, Qurayyat na Petromin. Ni mitaa ya kusini, ambako kodi ilikuwa nafuu, na kwa sababu hiyo ndiko walikojaa wageni, wengi wao wa rangi yetu. (Mahjar kwa Kiarabu ni karantini, mtaa umelirudia jina lake.) Ugonjwa uliwapata zaidi wageni kwa kuwa wageni ndio waliolala sita katika chumba kimoja. Hiyo haikuwa tabia yao, kama walivyodai baadhi ya watu. Ilikuwa mishahara yao. Miaka miwili haikupita, baadhi ya mitaa hiyo, Ghulail na Petromin ikiwamo, ikabomolewa katika mpango wa kuujenga mji upya. Mwaka 2022 shirika la Amnesty International lilieleza kwamba fidia ilikusudiwa raia, na wageni hawakuwamo.

Na mishahara yenyewe hupangwa kwa pasipoti. Serikali ya Ufilipino ilishikilia tangu mwaka 2006 kuwa binti yake asiajiriwe kazi ya nyumbani kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, yaani kama riali 1,500, na mwaka 2013 ikalitia neno hilo katika mapatano na Saudia. Mkenya afanyaye kazi ile ile, ya kufua na kupika na kulea, kwa miaka mingi amekuwa akipata kama riali 900. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa kupiga pasi. Sehemu yake ni rangi, na tusione haya kulitaja hilo. Sehemu nyingine ni kwamba Wafilipino walizungumza kwa sauti moja, na sisi tunauzwa mmoja mmoja, Mkenya dhidi ya Mganda, Mganda dhidi ya Mwethiopia, wakala akimtafuta aliye rahisi zaidi.

Je, sisi wenyewe tuna sauti moja? Mwezi wa Mei 2020 Kenya na Tanzania zilikuwa zikizozana kuhusu kupimwa kwa madereva wa malori, hata tarehe 16 Kenya ikaufunga mpaka isipokuwa kwa mizigo. Ugomvi wa Namanga ulifika hadi kwenye simu za watu huku Arabuni, kana kwamba kirusi hukaguliwa pasipoti. Na wapo kati ya jamaa zetu wanaolia juu ya ubaguzi, kisha wakamwita dada wa Kiafrika "shagala" mbele ya wageni, na harusini wakamkalisha karibu na jikoni. Ubaguzi wa namna hiyo haukuletwa na Mwarabu.

Sheria kwa upande wake imesogea, ingawa polepole. Mageuzi ya kazi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yaliwapa wafanyakazi wa kampuni nafasi ya kuhama mwajiri na kusafiri bila idhini yake kwa masharti maalumu, lakini wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Kanuni zao zilizoanza kutumika Oktoba 2024 zimeweka ukomo wa saa kumi za kazi kwa siku, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Tumezisoma, na zatupa swali lililo letu, si la wizara: binti huyo akipata siku yake ya mapumziko, atakwenda wapi? Riyadh ni mji wa magari. Hana jamaa, hana nauli ya kuchezea, na akikaa kule kule nyumbani mapumziko yatageuka kazi.

Kwa hiyo twaomba kila familia ipokeayo jarida hili ijue jina la dada mmoja angalau aliye katika nyumba ya watu, na mji wake kwao, na simu ya ndugu yake mmoja. Tusiulizane ni wa nchi gani. Mara itakapozuka maradhi mengine, orodha hiyo itakuwa na faida kuliko hotuba zetu zote. Aliye na sebule ya kuwakaribisha siku za Ijumaa, iwe Riyadh au Jeddah, na amwambie yule anayemletea nakala yake. Chai tutachangiana.